Macho mawili, hospitali mbili: nilivyotolewa mtoto wa jicho

Nauza leso Mtaa wa Biashara, Mombasa, mwaka wa 31 sasa. Kazi hii ni ya macho kuliko mdomo: mteja anataka pindo, mji wa katikati na jina, yaani maneno yaliyochapwa, vikubaliane, na nyeusi iwe nyeusi. Siku moja nilimuuzia mama mmoja leso ya buluu iliyokolea nikimwapia ni nyeusi. Wiki hiyo hiyo nikarudisha robota zima la visutu, zile leso za harusi, kwa muuzaji wa jumla, nikilalamika kuwa weupe wake umeingia manjano. Binti yangu ndiye aliyenishika mkono: "Baba, nyeupe ya visutu ni nyeupe pe. Manjano iko machoni mwako."

Kweli ilikuwa huko. Mtoto wa jicho ni lenzi ya kuzaliwa nayo inayochakaa. Kabla ya kuziba kabisa inapiga manjano, kisha kahawia, na buluu ndiyo rangi inayokufa mapema. Majina ya leso nilikuwa siyasomi tena, nayakumbuka tu, kwa hivyo hakuna aliyejua.

Jicho la kulia lilipasuliwa kwanza, katika kliniki moja ya binafsi ambayo sitaitaja. Nililipa shilingi 35,000. Nilifika saa mbili asubuhi na kufikia saa nne nilikuwa kitandani. Ganzi ilichomwa kando ya jicho na kisu sikukihisi. Kesho yake muuguzi akabandua plasta na kuinua vidole. "Vingapi, mzee?" Vitatu. Waliokuwa wakingoja zamu wakapiga makofi, nami nikalia kama mtoto. Lau ningeandika maoni haya siku ile, ningewapa nyota zote za mbinguni.

Dukani ndiko mambo yalikoharibika. Leso nikiileta karibu na pua naisoma. Ikining'inia ukuta wa pili, jina linageuka msafara wa siafu. Nikangoja nikidhani jicho bado linapona. Wiki sita zikapita, miezi minne ikapita, na kliniki haikunipigia simu hata mara moja kuniuliza naonaje. Wangenipigia kama ningekuwa na deni.

Mpwa wangu ni muuguzi wa macho. Alinisimamisha mita sita kutoka kwenye ubao wa herufi: jicho lililopasuliwa likatoa 6/36, maana yake herufi anayoiona mwenye jicho zima akiwa mita 36, mimi sharti nisogee hadi mita 6. Akanivalisha fremu ya majaribio, akapachika vioo kimoja baada ya kingine, mara nikafika 6/9.

"Mjomba, aliyekupasua ana mkono mzuri. Kidonda kimefunga safi. Ila lenzi ya bandia aliyokuwekea, badala ya ile iliyochakaa, si ya kipimo chako."

Akanieleza kwamba macho hayana urefu mmoja. Kabla ya kupasua hupimwa urefu wa jicho, mara nyingi kwa mawimbi ya sauti, na mviringo wa kioo cha mbele, kisha hukokotolewa lenzi ya nguvu gani iingie. "Walikupima hayo?" Nikamwambia walinipima presha na sukari.

Tangu hapo nikawa mtu wa kuuliza maswali. Mpwa wangu husoma tafiti kama wengine wanavyosoma habari za mpira, na jioni tukila mbaazi kwa mahamri alikuwa ananisimulia. Iliyonigusa zaidi ilitoka hapa hapa Kenya, kitengo cha macho cha Hospitali ya Kikuyu, ikachapishwa mwaka 2002. Madaktari wa pale walianza kuandika matokeo ya kila mgonjwa: ameona kiasi gani, na kama hakuona vizuri, kwa nini. Kadiri walivyohesabu na kutazama hesabu zao, ndivyo waliopata matokeo mazuri walivyoongezeka na waliopata mabaya walivyopungua. Shirika la Afya Duniani kwa miaka mingi liliita matokeo "mazuri" mgonjwa akifika 6/18. Siku hizi kipimo kimepanda hadi 6/12. Kuhesabu vidole vitatu hakumo.

Nilitaka kuwalaumu pia kwa kunipima asubuhi ya pili tu, lakini hapo mpwa wangu alinisahihisha. Mwaka 2013 ulitoka utafiti wa hospitali 40 za Asia, Afrika na Amerika ya Kilatini, ukaonyesha kuwa uoni wa siku za mwanzo unaweza kutumika kupima ubora wa hospitali, hasa pale ambapo wagonjwa wengi hawarudi. Sharti upimwe kwa ubao na uandikwe. Basi kosa la kliniki yangu ni kubwa kuliko nilivyodhani, maana hata hiyo asubuhi hawakuandika kitu.

Kwa jicho la kushoto nilikwenda hospitali nyingine, nikaingia na maswali yangu kwenye karatasi ya risiti. La kwanza lilikuwa la mtaani: je, nichague upasuaji wa mashine, ambao watu hapa huuita "wa leza", au wa mkono? Daktari, mwanamke mtulivu, akacheka. Mashine ile haina leza, alisema, hupondaponda lenzi kwa mtetemo wa sauti na kuifyonza. Ule wa mkono hupitisha lenzi kwenye kitundu kidogo kinachojifunga bila kushonwa. Akanitajia utafiti wa Nepal wa mwaka 2007: wagonjwa 108 waligawanywa kwa kura, na baada ya miezi sita asilimia 98 ya kila kundi, wakiwa na miwani inayowafaa, walifika 6/18 au zaidi. Wa mkono ulichukua dakika 9 kwa wastani, wa mashine dakika 15 na nusu, tena wa mkono ulikuwa rahisi zaidi kwa gharama. Nikachagua mkono.

La pili lilikuwa zito: ni nini kinaweza kuharibika? Hakunificha. Lenzi imekaa ndani ya kifuko chembamba, na ukuta wake wa nyuma unaweza kupasuka mikononi mwa daktari. Kwenye hesabu ya Uingereza ya upasuaji 55,567, hilo lilitokea karibu mara 2 katika kila 100. Kwa wanaojifunza ni mara nyingi zaidi. Nikamuuliza kama kuna mwanafunzi atakayenigusa. Akasema si safari hii, lakini niwaombee, kisha akanisimulia jaribio lililochapishwa mwaka 2021. Madaktari wanafunzi 50 kutoka Kenya, Tanzania, Uganda na Zimbabwe waligawanywa kwa kura. Nusu walipelekwa Cape Town siku tano kufanyia mazoezi macho ya bandia. Katika mwaka uliofuata, waliofanya mazoezi walipasua kifuko kwa asilimia 7.8 ya wagonjwa wao, wenzao kwa asilimia 26.6. Mimi hapo nilinyamaza kidogo. Fundi cherehani wangu huanzia kwenye marekani kabla sijampa hariri.

Kuhusu usaha ndani ya jicho, ajali isiyotokea sana lakini inayoweza kulipofusha, aliniambia watapaka dawa ya ayodini ya kahawia kabla, na mwishoni wataingiza antibayotiki ndani ya jicho lenyewe. Utafiti mkubwa wa Ulaya wa wagonjwa zaidi ya 16,000 ulionyesha kuwa wasiopata sindano hiyo ya sefuroksimu walikuwa kwenye hatari kama mara tano.

Siku ya upasuaji sina mengi. Kipimo cha urefu wa jicho kilirudiwa mara mbili, hilo lilinifurahisha. Nikapewa matone na ngao ya plastiki ya kulalia. Wakanipima kesho yake, wiki ya kwanza na wiki ya sita, kwa ubao, na kila mara mtu akaandika. Wiki ya sita: 6/9 bila miwani.

Mwaka wa pili ukungu ukarudi jicho lile lile. Roho ilinishuka hadi kwenye makubazi. Kumbe nilishaambiwa na nikasahau: ukuta wa nyuma wa kifuko huota utando kwa baadhi ya watu. Hapo ndipo nilipokutana na leza ya kweli, kidevu juu ya kishikio, milio midogo kama vidole vikialishwa, dakika chache, nikarudi dukani kwa miguu.

Kliniki ya kwanza nyota mbili, zote za daktari na mkono wake. Hospitali ya pili nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya foleni ya dawa, saa tatu nzima kwa kichupa kimoja.

Siku ile ya leza niliketi nyuma ya kaunta nikasoma ukuta wa pili, leso moja baada ya nyingine, kwa jicho la kushoto. Kuna moja ya manjano na zambarau niliyoiacha juu zaidi ya mwaka, na nilikuwa nikiwatajia wateja jina lake kwa sauti: "Wema hauozi." Imechapwa "Wema hauuzi." Robota zima. Nimeshusha bei hadi nusu, na bado zimebaki jozi kumi na nane.