Lenzi ya Canon FD 50mm: kubadilisha kitako au kuvaa adapta?

Unataka kutumia lenzi hii ya zamani kwenye kamera ya Canon EF au Sony E. Kinachoamua ni umbali kati ya kitako cha lenzi (sehemu inayoifunga kwenye kamera) na sensa. Canon FD ilitengenezewa milimita 42. Canon EF ina 44, Sony E ina 18.

Kwenye EF, basi, lenzi hukaa milimita 2 mbali mno na sensa. Ukifunga FD 50mm kwa adapta tupu, utapata picha za karibu tu. Chochote kilicho zaidi ya takriban mita 1.3 hubaki na ukungu. Adapta yenye kioo cha lenzi ndani hurudisha fokasi ya mbali, lakini hulainisha picha, hasa tundu la mwanga likiwa wazi kabisa. Suluhisho la kweli ni kung'oa kitako cha FD na kuweka cha EF. Tumia bisibisi ya JIS (kiwango cha Kijapani), kwani ile ya kawaida ya Phillips hula vichwa vya skrubu za Kijapani. Kitako kipya kikizidi unene hata kwa sehemu ndogo ya milimita, mwezi hautatulia kwenye fokasi. Punguza shimu (vipande vyembamba vya kurekebisha unene) moja moja ukipima. Kioo cha kamera, kile kinachoinuka unapopiga, nacho kisiguse nyuma ya lenzi.

Kwa Sony E, adapta ya milimita 24 inatosha, bila kufungua skrubu hata moja. Zungusha pete ya adapta hadi kwenye alama ya kufunga, la sivyo tundu hubaki wazi hata ukichagua tundu dogo kama f/8. Kisha, kwenye menyu, ruhusu kamera kupiga bila lenzi, kwani haiitambui lenzi hii.

Mimi nisingekata lenzi nzima iliyo salama.