Seti ya Kwanza ya Chombo cha Mbao kwa Kijana: Ipi Inunuliwe na Ipi Isubiri

Kijana wa miaka 12 au 14 anapoomba anunuliwe seti ya kujengea modeli ya merikebu ya mbao, mara nyingi huwa ameshachagua moyoni: anataka merikebu ya vita yenye milingoti mitatu, mizinga iliyopangwa safu juu ya safu, na kamba zilizotanda kuanzia sitaha hadi kilele cha mlingoti. Mzazi naye, kwa mapenzi, huona kwamba zawadi kubwa ndiyo zawadi njema. Mimi nilianza kwa njia hiyo hiyo. Niliunga mkuku, yaani mti wa chini unaobeba chombo kizima, nikasimamisha mataruma, yaani viunzi vya ndani ambavyo mbao hubandikwa juu yake, nikabandika mbao sita za kwanza, kisha nikakwama kwa sababu mbao za omo, yaani za mbele ya chombo, zilikataa kupinda, na kazi ile sikuimaliza kamwe. Kilichonirudisha kwenye ufundi huu ni mashua ndogo isiyo na sitaha, niliyoikamilisha kwa majuma machache, na ndiyo maana mwongozo huu unavipanga vyombo kwa kuangalia uwezekano wa kijana kuvimaliza, wala si kwa uzuri wa picha iliyo juu ya sanduku.

Kabla ya majina, inafaa kuuelewa uwiano, kwa kuwa ndio unaoamua ukubwa wa kila kitu ambacho vidole vya kijana vitashika. Uwiano wa 1:24 maana yake ni kwamba sentimita 24 za chombo halisi huwa sentimita moja ya modeli. Kamba yenye unene wa sentimita 3 katika chombo halisi itakuwa na unene wa milimita 1.25 kwa uwiano huo, na fundo lake linafungika bila taabu. Kwa uwiano wa 1:100 kamba hiyo hiyo huwa uzi wa milimita 0.3, ambao humchosha hata fundi mzoefu. Chombo kidogo kilichotengenezwa kwa uwiano mkubwa ni rahisi zaidi kuliko merikebu kubwa iliyobanwa ili itoshe juu ya meza, hata kama modeli hizo mbili zina urefu uleule.

Nafasi ya kwanza naipa Lowell Grand Banks Dory ya kampuni ya Model Shipways ya Marekani, yenye uwiano wa 1:24. Dori ni mashua ya kuvulia yenye kitako bapa na mbavu zilizopanuka kuelekea juu. Wavuvi wa Grand Banks, eneo la uvuvi nje ya Newfoundland, Kanada, walizibeba juu ya sitaha za skuna zao, yaani vyombo vya matanga vya milingoti miwili au zaidi, zikiwa zimepachikwa moja ndani ya nyingine kama bakuli, jambo lililowezekana kwa sababu mabao ya kukalia yalitolewa kwanza. Umbo hilo lililowafaa wavuvi linamfaa mwanafunzi pia. Kitako bapa kinakaa juu ya meza bila kuyumba, mataruma ni machache, na kila ubavu una mbao chache pana badala ya makumi ya vipande vyembamba. Mashua ya mita 6 hivi huwa modeli ya sentimita 25, inayotosha kwenye dawati la kusomea. Maelekezo yake yaliandikwa na David Antscherl, fundi ambaye hakuishia kusema kipande hiki kibandikwe pale, bali anaeleza sababu ya kila hatua, na kwa mwanafunzi maelezo ya namna hiyo yana thamani kuliko mbao zenyewe.

Mbao za dori hulaliana kingo kama vigae, tofauti na jahazi letu ambalo mbao zake hukutana ukingo kwa ukingo na nafasi zake kuzibwa kwa kalafati, yaani nyuzi zinazosokomezwa ili maji yasipenye. Mtoto aliyezoea kuona jahazi huenda akadhani amekosea anapoona ubao mmoja umepanda juu ya mwingine, kwa hiyo mzazi amweleze mapema. Upungufu wa seti hii ni kwamba mashua isiyo na sitaha huonyesha kila kitu: gundi iliyomwagika ndani haina pa kujificha. Hata hivyo nauhesabu upungufu huo kuwa mwalimu mzuri, kwa maana kijana hujifunza tangu siku ya kwanza kufuta gundi kwa kitambaa chenye unyevu kabla haijakauka.

Dori hiyo ni ya kwanza kati ya seti tatu zinazofuatana kwa ugumu. Ya pili, Norwegian Sailing Pram, ni mashua ya Kinorwe ambayo omo yake haikuchongoka bali imekatwa bapa, na inaongeza mlingoti mmoja na tanga. Ya tatu, Muscongus Bay Lobster Smack, ni mashua ya wavuvi wa kambakoche wa Maine, Marekani, na ndani yake kijana hukutana kwa mara ya kwanza na kiunzi kamili cha mataruma pamoja na kamba za kushikilia mlingoti. Zote tatu huuzwa pia kwa pamoja zikiambatana na zana za msingi. Kama bajeti inaruhusu, mkusanyiko huo ndio ununuzi bora kuliko wote ninaoutaja hapa. Kama hairuhusu, dori peke yake yatosha, na zilizobaki zisubiri hadi kijana mwenyewe aziulizie.

Nafasi ya pili ni Polaris ya kampuni ya OcCre ya Hispania, yenye uwiano wa 1:50. Hiki ni chombo cha matanga chenye sitaha, kwa hiyo kinamkaribia kijana anayesisitiza kwamba dori si merikebu. Seti nyingi za Hispania hutumia safu mbili za mbao: ya kwanza nene, isiyo ya urembo, na ya pili nyembamba inayoonekana. Mfumo huo humsamehe mwanafunzi makosa mengi, kwa kuwa mabonde na vilima vya safu ya kwanza huzibwa na kusawazishwa kwa msasa kabla ya safu ya pili kufunika. OcCre pia huweka mtandaoni video zinazoonyesha ujenzi hatua kwa hatua, nazo humsaidia sana kijana ambaye Kiingereza au Kihispania cha maelekezo kinampiga chenga. Ningeipendekeza kwa mwenye umri wa miaka 14 na zaidi, au kwa mdogo wake iwapo yupo mtu mzima wa kukaa naye. Swift ya Artesanía Latina, skuna ya marubani wa bandari yenye uwiano wa 1:50, iko daraja moja na Polaris, na chaguo kati ya hizo mbili liamuliwe na bei.

Nafasi ya tatu haiuzwi ndani ya sanduku, na kwa kijana anayeishi Nungwi, Lamu au Bagamoyo huenda ikastahili kuwa ya kwanza: ngalawa ya kuchonga. Ngalawa halisi huchongwa katika gogo, mara nyingi la mwembe, na hutulizwa majini na matengo mawili, yaani mbao za pembeni zinazoizuia kupinduka, yanayoshikwa na mirengu, miti inayoyaunganisha na chombo. Modeli yake inahitaji kipande cha ubao laini chenye urefu wa sentimita 30, patasi ndogo, fito mbili, mlingoti na kipande cha kitambaa cha tanga. Gharama yake ni ndogo kuliko ushuru wa seti ya kigeni, na jambo lililo kubwa zaidi ni kwamba kijana anaweza kushuka pwani kupima chombo halisi kwa utepe, kisha akagawanya vipimo mwenyewe kwa 20. Inashika nafasi ya tatu tu kwa sababu patasi mikononi mwa mtoto asiye na msimamizi ni hatari, na kwa sababu kuchonga hakumfundishi kupinda ubao juu ya mataruma, kazi ambayo ndiyo uti wa mgongo wa modeli nyingine zote.

Ambayo haifai kununuliwa sasa ni HMS Victory ya aina yoyote. Merikebu hiyo ya Uingereza iliyoshushwa majini mwaka 1765 ilibeba mizinga 104, na modeli yake yenye uwiano wa 1:72 huzidi urefu wa mita moja na kudai miaka ya kazi. Kinachomvunja moyo mwanafunzi ni kurudia: kifuniko kimoja cha dirisha la mzinga ni kazi ya kufurahisha, lakini cha arobaini ni adhabu. Ziepukwe pia seti za bei ya chini mno zisizo na jina la mtengenezaji, hasa pale picha ya sanduku inapofanana na seti ya kampuni nyingine. Nyingi ni nakala za kazi ya watu wengine, na huja na karatasi moja ya michoro isiyotosha kumwongoza mtu asiyejua pa kuanzia.

Zana zisinunuliwe kwa wingi. Kisu cha ufundi chenye wembe wa kubadilisha, rula ya chuma, kibano, keekee ndogo ya mkono na msasa wa namba 120, 240 na 400 vinatosha. Vibanio vya nguo vya mbao, vikifunguliwa na kugeuzwa ili ncha zao nyembamba zibane, hushika ubao vizuri sana. Gundi iwe ile nyeupe ya mbao, ambayo hukauka polepole na kumpa kijana nafasi ya kurekebisha. Gundi kali ya papo hapo hugandisha vidole na mvuke wake huwasha macho, kwa hiyo ibaki mikononi mwa mkubwa. Mbao za kupinda zilowekwe majini kwa nusu saa kwanza. Anayetumia vipande vya mvule vilivyobaki kwa fundi seremala avae barakoa wakati wa kupiga msasa, kwa kuwa vumbi lake huwasha pua na koo.

Kuhusu gharama, mnunuzi aongeze usafirishaji na kodi kabla ya kulinganisha bei. Forodhani modeli hizi huwekwa pamoja na vitu vya kuchezea, chini ya namba 9503, na juu ya ushuru wenyewe huongezwa kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 16 Kenya na asilimia 18 Tanzania Bara. Sanduku linapofika, kijana alifungue pamoja na mzazi wake, ahesabu kila kipande kwa kufuata orodha, na ahakikishe kwamba mbao ndefu hazikupinda njiani, kwa sababu dai la kipande kilichopungua hukubalika kwa urahisi zaidi kabla ya kisu kugusa mbao.