Sensa ya presha ya AC: used au mpya ya bei rahisi, kwa magari ya Mbeya

Ukiulizia sensa ya presha ya AC kwenye maduka ya spea ya Mwanjelwa, utaletewa used iliyotolewa kwenye gari la Japani, au mpya isiyo na jina linalojulikana. Kwa Toyota nyingi, chukua used, ilimradi pini hazina kutu, plastiki haijapasuka na namba iliyochapwa inalingana na ya zamani. Mpya za bei rahisi hukaa vizuri, plagi inaingia bila shida, lakini baadhi hutoa volti zisizolingana na presha iliyomo. Kompyuta ya gari inadanganyika: inakata kompresa (pampu ya gesi ya AC) bila sababu, au inachelewa kuongeza kasi ya feni ya kondensa (rejeta ya AC).

Ila usinunue kabla ya kupima. Plagi ya nyaya tatu kwa kawaida ni ya sensa. Ya nyaya mbili au nne mara nyingi ni swichi, ambayo kazi yake ni kukata tu: kwenye Toyota nyingi za zamani hukata presha ikishuka chini ya psi 28 au ikipita psi 455 hivi.

Kwa sensa, weka swichi ya gari ON bila kuwasha injini, chomoa plagi, pima upande wa gari. Waya mmoja uwe na volti 5, mwingine uwe hasi. Volti 5 zikikosekana, sensa mpya haitabadilisha chochote. Fuatilia waya, au sensa nyingine iliyokula shoti kwenye laini hiyohiyo. Zikiwepo, rudisha plagi, gusa waya wa tatu, wa ishara, kwa nyuma, washa AC na kanyaga resi. Volti zinatakiwa kupanda na kushuka pamoja na geji ya presha ya juu. Zikiganda pale pale mshale wa geji ukitembea, hapo sensa imekufa kweli.

Hapa Mbeya wengi wanaponzwa na hiyo geji. Gari likiwa limepoa kwenye nyuzijoto 20, gesi ya AC ya R134a inasoma karibu psi 70. Dar, kwenye nyuzi 30, ingesoma karibu 97. Fundi aliyezoea Pwani anaona 70, anasema gesi imepungua, anaongeza. Lakini presha ya gari lililozimwa inafuata joto, haisemi gesi ni kiasi gani maadamu bado kuna gesi iliyo katika hali ya kimiminika ndani. Gesi ikizidi, gari likipanda mlima na mzigo presha inapaa, kompresa inakatwa kama inavyostahili, na lawama anabebeshwa sensa. Jaza kwa mizani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye stika chini ya boneti.

Kufungua: baadhi ya magari yana vali chini ya sensa, gesi haitoki. Toyota nyingi hazina, kwa hiyo gesi inyonywe kwanza kwa mashine. Tumia spana mbili, moja ishike bomba, maana aluminiamu hupinda upesi. Weka oringi (mpira wa duara wa kuzuia kuvuja) mpya ya AC, ipakwe oili ya kompresa na si ya injini. Kaza kwa Nm 10 hivi. Ukizidisha oringi inakatika, na kuvuja kwake huonekana baada ya wiki kadhaa.

Kisha vakyumu, yaani nyonya hewa yote kwa pampu, dakika 30 au zaidi. Kwenye mita 1,700 kutoka usawa wa bahari mshale utaishia inchi 24 au 25 za zebaki, hautafika 29. Pampu ni nzima, hewa ya huku ndiyo nyepesi. Funga vali, subiri dakika 10. Mshale ukirudi nyuma, kuna sehemu inavuja.

Duka linalostahili hela yako ni lile linalokuruhusu kujaribu sensa kabla ya kulipa. Ichomeke kwenye plagi ya gari ikiwa mkononi, swichi ya gari ikiwa ON: waya wa ishara usome karibu nusu volti. Ikisoma 0 kamili au 5, irudishe hapohapo.