Alhamisi Kuu mezani kwa Dooky Chase, New Orleans

Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikisikia habari za gumbo ya majani, mchuzi mzito wa Louisiana, Marekani, ambayo mgahawa wa Dooky Chase, uliopo mtaa wa Tremé jijini New Orleans, huipakua siku moja tu kwa mwaka, na safari hii niliendesha gari kutoka Houston ili niionje siku yenyewe, Alhamisi Kuu.

Mgahawa huu ulianza mwaka 1941 kama duka dogo la sandwichi na tiketi za bahati nasibu. Aliyeugeuza kuwa ukumbi wa heshima, wenye vitambaa mezani na michoro ya wasanii Weusi ukutani, ni Leah Chase, aliyeolewa katika familia hiyo mwaka 1946 na kupika humo hadi uzeeni. Alifariki mwaka 2019 akiwa na miaka 96. Enzi za sheria zilizokataza Weusi na Weupe kula pamoja, wapigania haki za kiraia walikutana katika chumba cha ghorofani, wakipanga mikakati huku wakila chakula chake.

Gumbo yenyewe huwa na majani ya aina tisa, kwani kwa desturi hesabu lazima iwe witiri, na inaaminika kwamba kila aina itakupatia rafiki mpya mwaka huo. Sukuma wiki niliitambua mara moja, kisha kabichi, spinachi na uchungu wa majani ya haradali, vyote vikiwa vimepondwa na kuwa mchuzi mzito wa kijani iliyokolea, uliomwagiwa juu ya wali. Nilimkumbuka bibi yangu, aliyekuwa akichanganya mnavu na majani ya maboga ili kuupoza uchungu wake. Nyama ni nyingi, maana kesho yake, Ijumaa Kuu, Wakatoliki hawaigusi. Pilipili sikuomba: mwaka 2008 Barack Obama alitia mchuzi wa pilipili katika gumbo ya Leah Chase, naye mama huyo akamkemea waziwazi, na baada ya kijiko cha kwanza niliona alikuwa na haki.

Kuku wa kukaanga, niliyemwagiza pia, alikuwa mkavu kwa nje na laini kwa ndani, lakini moyo wangu ulibaki kwenye bakuli.

Anayetaka kwenda siku hiyo aweke nafasi mapema sana, na asiyekula nguruwe afahamu kwamba soseji na nyama ya moshi zimo ndani ya chungu.