Tuning in to Kids: mafunzo ya wazazi yanayoacha suluhisho hadi mwisho

Tuning in to Kids yalibuniwa na Sophie Havighurst na Ann Harley katika Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia. Vikao ni 6, saa 2 kila wiki, na wazazi hujifunza kwa kikundi. Msingi wake ni hatua 5 za mwanasaikolojia wa Marekani John Gottman: kuitambua hisia ya mtoto ingali ndogo, kuiona kuwa nafasi ya kumkaribia, kumsikiliza hadi ajue ameeleweka, kumsaidia kuitaja, ndipo kuweka mpaka na kutafuta suluhisho.

Uzuri wake uko kwenye mpangilio huo, maana wengi wetu huanzia hatua ya mwisho. Mnara wa vibao vya kuchezea umeanguka, mtoto karusha kibao, nasi mbio: "Acha! Si utajenga mwingine?" Kwenye vikao, mzazi huigiza upya tukio kama hilo. Anachuchumaa, anasema, "Umekasirika, na ulikuwa umeujenga kwa bidii," kisha ananyamaza. Kunyamaza huko ndiko kunakowashinda watu. Mtoto akianza kutulia, mpaka unafuata: "Kukasirika ni sawa, kurusha vibao hapana, vinaumiza." Kama kuna anayeweza kuumia, bila shaka mkono unazuiwa kwanza.

Makosa yanayojirudia yanajulikana. "Najua una huzuni, lakini…" hufuta yote yaliyotangulia. "Unalia nini?" humkwamisha mtoto wa miaka 4, ambaye bado hana maneno ya kueleza. Maelezo marefu katikati ya kilio hayaingii kabisa. Ndiyo maana ni vyema kuanza na kero ndogo, kiatu kisichovalika kwa mfano, kabla ya kujaribu kwenye kilio cha kugaagaa.

Kasoro zipo. Mzazi akikariri sentensi za mifano, anasikika kama kasuku, na mtoto hung'amua upesi. Pia vikao 6 ni vichache kwa aliyekuzwa kwa kuambiwa "nyamaza". Sehemu ya kutazama jinsi wewe mwenyewe ulivyolelewa na kujituliza kwanza ni nzuri mno, ila inahitaji muda zaidi. Kwa watoto wa miezi 18 hadi 36 chukua toleo lao, Tuning in to Toddlers.

Kabla ya kujiandikisha, muulize mwezeshaji ni dakika ngapi za kila kikao zinakwenda kwenye maigizo. Akisema muda mwingi ni wa kusikiliza mada, tafuta kikundi kingine.