Uzoefu wangu: filta ya polaraiza ya milimita 67 kwenye kuta za Fort Jesus

Filta hii, kioo kinachofungwa mbele ya lenzi na kuzungushwa ili kukata mng'ao na kukoleza anga, ni ya bei ya kati, glasi yake imepakwa dawa ya kupunguza mng'ao, na nimeitumia kaskazi na kusi, kazi karibu yote ikiwa Fort Jesus, Mombasa. Ni filta nzuri na nitainunua tena. Ila ngome hii ina pande ambazo filta inazifaa na pande ambazo inaziharibu, na wengi wanaoilaumu wameielekeza pasipo pake.

Kinachoamua ni jua. Polaraiza hukoleza buluu ya anga pale tu unapopiga ubavuni mwa jua, kwenye nyuzi 90. Kipimo cha haraka ni mkono wako: elekeza kidole cha shahada kwenye jua, nyoosha gumba limesimama wima juu ya kidole, kisha zungusha mkono. Kote gumba linakopita ndiko filta ina nguvu. Jua likiwa mgongoni au usoni, anga halibadiliki hata ukizungusha pete ya filta mpaka uchoke.

Ukuta wa baharini unatazama mashariki, kwa hiyo saa zake ni za asubuhi, tangu saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili, jiwe la matumbawe linapotoa ile rangi ya manjano iliyoiva. Lakini aliye kwenye boti anatazama magharibi na jua liko mgongoni. Hapo ivue. Haiongezi kitu kwenye anga na inakula mwanga stopu moja na nusu hadi mbili (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu), mwanga unaouhitaji kwa sababu boti inayumba. Nikilazimika kuibakiza napiga kwa f/5.6 (upana wa tundu la lenzi), ISO 400 (wepesi wa sensa kupokea mwanga) na kasi ya 1/500 ya sekunde. Chini ya 1/250 kingo za minara huanza kutikisika. Usitegemee pia kwamba itaondoa mng'ao wa maji ukiwa botini. Mng'ao hukatika vizuri macho yakishuka kwenye maji kwa kama nyuzi 37, na botini unatazama karibu sambamba na maji.

Panda juu, kwenye ngome yenyewe, upate kazi yake halisi. Ukiwa kwenye mnara wa upande wa bahari ukitazama chini, pete ikizungushwa robo tu, weupe juu ya maji unaondoka na miamba iliyozama inajitokeza. Siku za bamvua, maji yakipwa, mwamba chini ya ukuta hubaki umelowa na kung'aa kama bati. Filta inauvua ule weupe, na kahawia na kijani cha mwani kinatoka. Picha hii haipatikani kwa kuhariri baadaye. Mng'ao ukishafunika rangi, hakuna kilichobaki cha kurudisha. Angalia jedwali la maji kabla ya kutoka nyumbani.

Ukuta wenye lango, unaotazama Mji wa Kale, ndio ninaoupenda zaidi kwa filta hii. Unaupiga ukitazama kusini, jua la asubuhi likitokea kushoto, na mwanga unaukwangua ukuta hadi kila kovu la jiwe linaonekana. Machi na Septemba, jua linapochomoza mashariki kamili, unapata zile nyuzi 90 bila kubahatisha. Juni na Julai jua huegemea kaskazini: ukuta unawaka zaidi, nguvu ya filta inapungua kidogo. Desemba uso huo unashinda kivulini, na filta itakupa anga zito juu ya ukuta uliokufa. Usiitumie.

Kosa ninaloliona mno ni lenzi pana. Kwa kamera ya sensa kamili (yenye ukubwa wa filamu ya milimita 35), ukishuka chini ya milimita 28 anga linapata doa jeusi katikati na weupe pembeni, kwa sababu picha imebeba sehemu za anga zenye nguvu tofauti. Baki 28 au zaidi, au 18 kwa sensa ndogo. Na ukiunganisha picha kadhaa ili ngome yote iingie, vua filta kabisa, la sivyo anga litatoka na mistari.

Ndani, kwenye vioo vya maonyesho, ikiwemo vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, inasaidia ukisimama kando ya kioo, si mbele yake. Ukikikabili uso kwa uso haiondoi chochote. Simama ili lenzi ifanye pembe ya kama nyuzi 35 na kioo, zima flashi, pandisha ISO.

Rangi: weka mizani ya weupe, yaani jinsi kamera inavyosoma rangi ya mwanga, kwa mkono, Kelvini 5500. Otomatiki hubadilika kila buluu ya anga inapokolea, na ukuta mmoja unatoka na rangi tatu.

Sasa kasoro. Pete ya mbele ni laini ikiwa mpya, lakini chumvi ya kusi ikiingia katikati inaanza kukwaruza, kisha inakwama. Ya kwangu ilikwama mara mbili. Usifute kioo kikavu, hata kwa kitambaa laini, maana punje za chumvi ni msasa. Puliza kwanza, suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kausha, ndipo ufute. Hesi yake ni nyembamba na ukikaza sana haifunguki. Zungushia mpira mpana wa kufungia noti, shika pande zote bila kubana, igeuke yenyewe. Ukibana unaipinda pete na inakaza zaidi.

Wenye lenzi ambazo uso wake huzunguka zikilenga, lenga kwanza, ndipo urekebishe filta. Na wakati wa kurekebisha, zungusha daima kuelekea upande wa kukaza. Ukizungusha kinyume unailegeza kidogo kidogo bila kujua, na juu ya ule ukuta ikichomoka inaishia baharini.