Miezi minane na kipima ethilini ghalani kwangu Tukuyu

Kreti 40 za maparachichi aina ya Hass niliziuza sokoni kwa bei ya kutupa, kisa kitakasa mikono. Ngoja nieleze.

Nanunua maparachichi kwa wakulima wa Rungwe, nayakusanya ghalani hadi lori la mnunuzi lije. Parachichi haliivi mtini. Linaanza kuiva likishachumwa, na moja likianza, linatoa gesi ya ethilini inayoyaamsha mengine. Ndiyo gesi ileile bibi zetu wanayoifungia wanapovundika ndizi, wala hawajawahi kuhitaji kujua jina lake. Shida ni kwamba ikiwa kidogo, pua haiipati. Unashtuka umebonyeza tunda nalo limebonyea, na tunda la hivyo halipandi tena lori la kwenda nje.

Basi nikanunua kipimo cha mkononi. Umbo lake kama redio ndogo, kina pampu inayovuta hewa kwa mpira mwembamba, na kioo kinachosoma kuanzia 0 hadi 100, yaani sehemu ngapi za ethilini katika sehemu milioni za hewa. Ndani kuna sensa ya kemikali: gesi ikiifikia, unazaliwa umeme mdogo sana, na huo ndio unaogeuzwa kuwa namba.

Wiki mbili za kwanza niliona nimeibiwa. Nazunguka nacho kati ya kreti kama daktari wa zamu, namba haitoki sifuri. Kumbe ghala langu ni la mbao zenye nafasi, na upepo wa Rungwe haubakizi kitu. Kilichoniokoa ni ndoo ya lita 20 yenye mfuniko. Nimetoboa tundu la kupitisha mpira, nikaziba pembeni kwa utepe. Kila mzigo ukiingia nachukua maparachichi 10 kutoka kreti tofauti, nayafungia saa 1, kisha napima. Yaliyolala husoma sifuri au sehemu ndogo ya moja. Siku moja mzigo uliokuwa mgumu mkononi, rangi safi kabisa, ulisoma 6. Nikautenga. Siku ya tatu ulikuwa laini, nikauza Mbeya mjini kwa wauza juisi. Siku hiyo nilikisamehe kipimo.

Sasa zile kreti 40. Kijana wa kaka yangu ndiye anayenisaidia kupima. Asubuhi hiyo akanipigia kelele, "Shangazi, njoo uone, imefika 70!" Nikaona kweli, nikapaniki, nikaita wachuuzi. Jioni ndipo nikamwona akipaka kitakasa mikono kabla ya kufunua ndoo. Nikapaka mimi mwenyewe, nikausogeza mpira kwenye kiganja: namba ikaruka. Sensa hii spiriti nayo huiona kama ethilini! Moshi wa gari vilevile, siku fuso ikiunguruma mlangoni usipime chochote. Aliyeniuzia alikuwa ameniapia kwamba kinanusa ethilini peke yake. Nilipompigia akaniambia nisome kitabu, na kitabu chenyewe hakikuwemo kwenye boksi.

Mengine madogo. Asubuhi za baridi huku kwetu namba inayumba, kwa hiyo nakiwasha nakiacha robo saa nje, penye hewa safi, ndipo nianze. Ndoo ikitoa jasho ndani, usiruhusu maji yafike kwenye mpira. Sensa huchoka hata ikikaa kabatini, hesabu miaka miwili hivi kisha uinunue upya, na hilo waulize bei kabla hujalipia mashine. Gesi ya kukisahihishia, ile yenye kiasi cha ethilini kinachojulikana, sijaipata Mbeya, kwa hiyo siiamini namba yenyewe sana. Naangalia tu mzigo huu umezidi ule kwa kiasi gani.

Ningekinunua tena? Kwa anayekusanya mizigo ya watu wengi, ndiyo. Mwenye miti yake 20 asihangaike, aweke matunda machache dirishani ayabonyeze kila asubuhi. Wala kisikudanganye kwamba kinajua tunda limekomaa. Lililochumwa changa nalo litasoma sifuri, zuri kabisa kwenye kioo, halafu litasinyaa bila kuiva.

Na zile kreti? Mama mmoja aliyenunua mbili alinifuata ghalani baada ya siku nne, na parachichi mkononi. Akaligonga mezani, ko ko ko, akaniuliza mimi nauza matunda au mawe ya mto Kiwira.